Mayi Hakuna, Chokaa Iko

Kijiwe chetu kilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya mapipa mawili, kwenye kona ya cité, mtaa wa Waafrika wa Kolwezi, ambako njia ya soko inaingia barabara kubwa. Kushoto nilikuwa na meza yangu ya kutengeneza viatu. Kulia mama Mbelu alikuwa na jiko lake la makaa na birika la kahawa. Mbele yetu kulikuwa na bomba la maji la mtaa, ambalo mwaka ule wa 1957 lilikuwa limekauka kwa wiki tatu. Wenye kijiwe tulikuwa watatu. Tata Ngeleka alikuwa amepuliza filimbi kwenye treni za Dilolo, mpakani mwa Angola, kwa miaka ishirini, tulimwita Sifle. Badibanga, Mkasai, karani wa ghala, tulimwita Tampon, maana hakuamini neno lolote lisilopigwa muhuri. Mimi, Kalala, niliitwa Semele, kwa ajili ya soli za viatu. Tulizoea kubishana hadi birika likauke. Lakini Jumamosi ninayoisimulia hakuna aliyekuja kwa hamu ya kahawa. Tulikuja kwa sababu Polycarpe, mume wa Mbelu, alikuwa amefungwa poste ya polisi tangu Alhamisi, na mkewe alikuwa amewasha jiko kama kawaida.

Kosa lake lilikuwa karatasi.

Mkuu wa cité, mzungu mfupi wa mviringo tuliyemwita Kizibo, alikuwa amepata habari kwamba mkubwa mmoja kutoka Élisabethville atapita Ijumaa. Akaamuru nyumba zote za barabara kubwa zipakwe chokaa. Lori likaleta chokaa, lori jingine likaleta mapipa ya maji ya kuikorogea. Wanawake wakaja na ndoo zao. Polisi wakasimama mbele ya mapipa wakasema maji haya ni ya chokaa, si ya watu. Mbelu alikuwa miongoni mwa waliofukuzwa. Tangu bomba likauke alikuwa akitembea saa nzima kwenda mtoni na saa nzima kurudi, ndoo kichwani, ili sisi tunywe kahawa.

Alhamisi cité iliamka ikakuta karatasi thelathini zimebandikwa: kwenye bomba, kwenye mlango wa soko, na kwenye kuta ambazo chokaa yake ilikuwa bado mbichi. Ilikuwa picha. Kizibo, na kofia yake ngumu, anammiminia mama mmoja ndoo ya chokaa ndani ya sufuria, huku bomba limetoa ulimi nje kwa kiu. Chini yake maneno manne: MAYI HAKUNA, CHOKAA IKO. Watu walicheka siku nzima, kicheko cha kutoka nyumba hadi nyumba, hata wagonjwa waliomba waletewe waone. Saa nne polisi walikuwa wameshabandua karibu zote. Saa sita wakamchukua Polycarpe kazini. Alikuwa mpanga herufi kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji mjini, na komisere wa polisi alisema karatasi iliyochapwa lazima imechapwa na mchapaji.

Polycarpe hakuhusika kwa lolote. Picha ile niliichonga mimi.

Niliichonga kwenye kipande cha mkanda wa mgodi, ule mpira mnene ninaoutumia kwa soli, kwa kisu changu cha kazi. Wino ulikuwa rangi ya viatu iliyolainishwa kwa mafuta ya taa. Karatasi ilikuwa ile ya kahawia wanayofungia ngozi ninazonunua. Nilipomaliza niliukata mpira vipande viwili nikavipigilia kama visigino kwenye viatu vya Badibanga, naye Jumamosi ile alikuwa amevivaa. Sikumwambia mtu, hata mke wangu Laurentine. Tulikuwa na watoto watatu, na kwa siku mbili niliwaachia wao ugali wangu.

— Kahawa ya leo iko mwepesi, mama Mbelu, akasema Ngeleka.

— Mayi iko kidogo, tata. Kunywa tu.

Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ile ile ya kila siku. Jana yake alikuwa amempelekea mumewe chakula. Polisi walipokea sahani mlangoni wakairudisha tupu, na hakujua ni nani aliyekula. Ngeleka aliyaona macho yale. Nadhani ndiyo sababu alianza.

— Mi najua kwenye ile karatasi ilitokea. Ilitokea Angola.

— Angola namna gani? akauliza Badibanga.

— Na treni. Miaka makumi mbili nilikuwa naona magunia ya samaki ya kukauka inaingilia Dilolo. Nani anafunguaka gunia ya samaki? Hata douanier ya mupaka anaziba pua, anapita. Chini ya samaki njo munakuwaka makaratasi.

— Tata Ngeleka, ile karatasi haikunuka samaki.

— Ulinusa?

— Nilinusa. Ilikuwa nanuka viatu.

Nikainamisha kichwa juu ya kiatu nilichokuwa nashona.

— Basi, kule Angola habavae viatu? akasema Ngeleka.

Badibanga akaweka kikombe chini. Alipotaka kusema jambo zito alikuwa anavuta suruali kidogo magotini, kama mtu anayeketi mbele ya mkubwa.

— Musikilize. Ile picha iliandikwa na muzungu. Angalia mikono, inakamata ndoo sawasawa. Angalia kofia, iko na kivuli yake. Nani huku kwetu anaweza kuchora kivuli? Kuko muzungu mwenzake anataka kiti ya Kizibo.

Nitasema kweli: hata katika hofu ile niliona nimedhulumiwa. Kile kivuli kilinichukua jioni nzima.

— Muzungu gani anajua kama mayi hakuna? akauliza Mbelu bila kugeuka. Kwabo mayi iko.

Badibanga akafikiri.

— Basi ni bibi yake. Bibi ya Kizibo mwenyewe. Amemuchoka.

— Bibi ya Kizibo alitembea hapa asubui na mapema na gundi mu mukono? akasema Ngeleka.

— Alivaa gants ku mikono. Ju ya ile polisi habakuona alama ya bidole.

Mbelu akatoa kicheko kidogo puani. Kilikuwa cha kwanza tangu Alhamisi. Badibanga alikisikia, akachangamka, akaendelea hata pale ambapo ingefaa anyamaze.

— Hii mambo haikuanza leo. Ku masomo ya misioni père alitufundishaka. Zamani sana, miaka mia mbili, kule Ulaya batu balikuwa nachonga picha ya kuchekea bafalme. Mufalme iko na tumbo, anakula, na batu iko na njaa. Banachapa, banauza mu barabara, banabandika ku kuta. Mwenye hajue kusoma anaangalia picha, anacheka na yeye.

— Unasema kweli?

— Père alituonyesha moja mu kitabu.

— Na bafalme balifanya nini?

— Bengine balicheka. Bengine balifunga bachapaji. Moja balimukata kichwa.

— Muchapaji?

— Mufalme, akasema Badibanga. Akakuna shavu. Ao muchapaji. Nimesahabu.

Mbelu akaacha kupepea makaa. Badibanga akatambua kilichomtoka, akachukua kikombe chake akakitazama ndani kama mtu aliyeona kitu kinaelea.

Ngeleka ndiye aliyetuokoa, kwa njia yake.

— Mambo ya Ulaya ni ya Ulaya, akasema. Yetu iko Nzilo.

— Nzilo kuko nini?

— Barrage, ile ukuta ya kuzuia mayi. Bote tunajua kama chini ya mayi kuko mashini. Banatuambia ni ya kutengeneza courant. Umeshaona courant, Tampon?

— Naona taa.

— Taa, ndiyo. Courant mi sijaiona. Kule chini kuko mashini ingine, ya kuchapa. Mayi ya Lualaba njo inaizungusha. Sasa unaelewa juu ya nini pompe yetu imekauka. Mayi yote iko kule, iko nachapa makaratasi.

— Na karatasi inatoka mu mayi haikulowana?

— Banaanika.

— Banaanika wapi?

— Tenke. Kule jua iko mingi.

Hapo Mbelu alicheka kwa kweli, mkono mdomoni, na sisi tukacheka kwa kuona yeye anacheka. Kicheko chake kilidumu zaidi kidogo kuliko vyetu. Kisha nikaona mabega yanatikisika kwa namna nyingine. Alikuwa amegeukia jiko, amefunika uso kwa ncha ya kitambaa chake, analia bila sauti ili asitusumbue.

Nikaweka kisu mezani. Nikavua aproni.

— Badibanga, uniangalilie meza.

— Unaenda wapi?

— Ku poste. Ile karatasi njo mi niliifanya.

Ngeleka alinitazama juu hadi chini.

— Ikala, Semele.

— Nasema kweli. Nilichonga mu mupira, na kisu hii.

— Weye? akasema, akinyoosha mguu mbele yangu. Angalia hii kiatu. Nilikuletea ya kushoto, ulinirudishia inafanana ya kuume. Weye njo unaweza kuchonga kofia na kivuli yake?

— Anasema hivi juu ya huruma, akasema Badibanga. Iko na roho muzuri. Lakini komisere atakupiga mara mbili, tata Kalala. Mara moja ya karatasi, mara moja ya kudanganya.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi siku zile mbili. Nilijiona nafungwa pingu, nilimwona Laurentine anarudi na watoto kijijini kwa wazazi wake. Sikuwa nimefikiri kwamba nitaungama nisisadikiwe.

Mbelu peke yake hakunicheka. Alikuwa ameshusha kitambaa usoni. Aliangalia mikono yangu, kisha akaangalia chini ya meza, mahali nilipoweka mzigo wa ngozi uliofungwa kwa karatasi ya kahawia. Akanikaribia, akasema kwa sauti ya chini:

— Siku balitufukuza ku mapipa ulikuwa umesimama hapa, na kiatu mu mukono. Nilikuona.

— Ndiyo, mama.

— Bwana yangu alijua?

— Hapana. Hajue kitu.

— Na weye siku mbili unakunywa kahawa yangu.

Maneno yake yalikuwa kweli. Kila asubuhi nilikuwa nimejiambia nitakwenda mchana, na mchana nikajiambia nitakwenda kesho.

— Naenda sasa, nikasema.

Nilidhani atanitukana, na ingekuwa haki yake. Akachukua kikombe, akakijaza, akanipa.

— Kunywa kwanza. Kule habatakupa kitu.

Nilikunywa nimesimama. Kahawa ilikuwa ya moto, ikaniunguza ulimi, na ilikuwa imebaki funda moja Ngeleka aliposhika ukingo wa ubao kwa mikono miwili akainuka polepole.

— Mama Mbelu, akasema. Angalia barabara.

Polycarpe alikuwa anakuja. Alitembea katikati ya barabara, shati nje, anaburuza miguu kwa sababu walikuwa wamemnyang'anya kamba za viatu na hawakumrudishia. Alikuwa na ndevu za siku mbili. Usoni hakuwa na jeraha. Mbelu aliweka birika chini taratibu, akafuta mikono kwenye nguo, akaanza kutembea kumwendea kama mtu anayekwenda sokoni. Nusu ya njia akakimbia.

Sisi tuligeuka tukatazama upande mwingine, hadi tuliposikia miguu yao inakaribia.

Tulimkalisha katikati ya ubao. Alikunywa kikombe cha kwanza, cha pili akakishika tu mikononi kwa ajili ya joto. Ngeleka hakuweza kungoja zaidi.

— Balikuacha bure tu?

— Siku mbili komisere aliniwekea ile karatasi mbele. Ananiuliza, ni kazi yako? Nasema hapana. Ananiuliza tena. Leo asubui nikamwambia: bwana komisere, angalia hii N. Ile ya hakuna. Iko inaangalia nyuma.

— Inaangalia nyuma namna gani? akauliza Badibanga.

Polycarpe akaokota kijiti, akachora N mchangani, kisha pembeni yake akachora nyingine iliyogeuka, kama unavyoiona kwenye kioo.

— Mi natumika na herufi ya chuma, miaka kumi na moja. Herufi ya chuma haiwezi kufanya hivi. Ukiiweka kichwa chini, inabaki N. Ukiilaza, unaona imelala. Lakini kugeuka hivi, hapana, haiwezekane. Hii ni mutu alichonga na mukono. Wakati ya kuchonga unapashwa kugeuza herufi zote. Huyu alikumbuka zote, alisahabu moja.

— Komisere aliamini?

— Aliita patron yangu ya kazi. Patron akakuja na sanduku ya herufi, akaipanga ku meza, akamuonyesha. Ile N haimo. Tena akakasirika. Akasema, kama mutu wangu angechapa kitu mubaya hivi, mi mwenyewe ningemufukuza.

Ngeleka na Badibanga wakacheka. Polycarpe hakucheka. Alinitazama juu ya ukingo wa kikombe, na macho yake yakashuka hadi kwenye kisu changu juu ya meza, yakarudi. Nikaelewa kwamba alijua, na kwamba alijua tangu Alhamisi, tangu walipomwekea ile karatasi ya kahawia mbele ya pua. Wangemwachia siku ile ile kama angetaja jina langu.

— Ilikuwa kazi mubaya kabisa, tata Kalala, akasema. Mistari inapanda, inashuka. Wino ya viatu.

— Pole, nikasema. Sauti ilinitoka nyembamba.

— Kofia tu njo ilikuwa muzuri. Kofia na kivuli yake.

— Mi nilisema, akasema Badibanga. Nilisema ile kivuli si kazi ya huku.

Nilikaa chini. Nikajikuta na njaa, njaa ya kweli, kama mtu aliyepona homa. Mbelu alikuwa amesimama nyuma ya mumewe, mkono begani mwake. Hakuniangalia, lakini alisogeza karibu yangu sahani ya viazi vitamu aliyokuwa amemwekea Polycarpe.

— Na ile mukubwa ya Élisabethville? akauliza Ngeleka. Alipita?

Ijumaa polisi walikuwa wametufukuza sote barabarani ili tusionekane, kwa hiyo hakuna kati yetu aliyeona kitu.

— Alipita, akasema Polycarpe. Polisi njo balikuwa nasimulia. Motokari yake ilisimama hapa hapa, mbuzi zilikuwa mu barabara. Akashusha kioo. Karatasi moja ilikuwa ingali ku pompe, kwa nyuma, polisi habakuiona. Akauliza shofa, hii inasema nini? Shofa akaogopa, lakini akamutafsiria. Mukubwa akashuka, akafungua pompe na mukono yake.

— Na?

— Mukatoka buibui.

Ngeleka akapiga paja lake.

— Akauliza Kizibo, pompe imekufa siku gani? Kizibo akasema, leo asubui. Mukubwa akaangalia ile buibui, akaangalia Kizibo, akacheka mpaka akatoa mushuali, akapanguza machozi. Karatasi akaikunja, akaitia mu mufuko.

Hatukuwa tumemaliza kulicheka hilo wakati baiskeli ilipokata kona ikasimama mbele yetu. Mwenye baiskeli alikuwa kijana mpole wa kazi ya maji, jina lake Mbuyu, mtu wa kaskazini. Alikuwa na spana ndefu imefungwa nyuma kwa mpira, na mkoba wa karatasi begani.

— Pompe ya kukauka njo hii?

— Njo hii, tukajibu wote pamoja.

— Banituma niitengeneze leo leo.

Alisimamisha baiskeli, akatoa spana, kisha akatoa karatasi na kalamu ya risasi. Alikuwa na adabu. Aliisoma ile karatasi kwa macho kabla ya kutuuliza.

— Balijaza yote ku biro, lakini kuko mustari moja haina jibu. Munisaidie. Nani alilalamika?

Asubuhi nzima tulikuwa tumepata majibu hadi Angola na chini ya maji ya Nzilo. Sasa Ngeleka alitazama viatu vyake. Badibanga, ambaye aliishi kwa kujaza mistari ya namna ile, alianza kusema kitu akaacha. Nilifungua mdomo. Polycarpe akaweka mguu wake juu ya wangu, kiatu kisicho na kamba, akaukandamiza.

— Lazima kuko mutu alilalamika, akasema Mbuyu. Kama haiko, juu ya nini banituma? Bila jina na saini, siwezi kufungua pompe.

— Leta hapa, akasema Mbelu.

— Mama, akasema Polycarpe taratibu.

Mbelu alikuwa ameshafuta mkono kwenye nguo yake. Alichukua karatasi, akaiweka juu ya ubao, katikati yetu, akapiga magoti ili aandike vizuri. Alikuwa amejifunza kuandika akiwa mtu mzima, darasa la wanawake la Jumatano, na hakuwa na haraka. Tulimtazama akimaliza herufi moja na kuanza nyingine. Mbelu Henriette. Chini yake akaweka saini, ambayo ilikuwa jina lile lile mara ya pili.

Mbuyu akasoma.

— Muzuri. Na hapa banataka tarehe. Ulilalamika siku gani, mama?

— Kila siku asubui, akasema Mbelu. Andika hivyo.

Kijana alifikiri. Akatazama bomba, akatazama ndoo iliyokuwa kando ya jiko, akaandika. Badibanga aliinuka akachungulia juu ya bega lake kuhakikisha ameandika yote, neno kwa neno. Kisha Mbuyu akatia karatasi mkobani, akachukua spana, akapiga magoti mbele ya bomba. Kabla hajalegeza nati ya kwanza, ndoo kumi zilikuwa zimeshapangwa nyuma yake.